Kipimo, Saa na Jicho: Matumizi Salama ya Dawa za Kuchangamsha Ubongo

Dawa za kuchangamsha ubongo ni dawa zinazoongeza nguvu ya kemikali mbili zinazobeba ujumbe baina ya seli za neva: dopamini, inayohusika na hamu ya kutenda na subira ya kulimaliza jambo, na noradrenalini, inayohusika na tahadhari, kasi ya moyo na msukumo wa damu. Zinazoandikwa zaidi na madaktari ni methilfenideti, ambayo huuzwa kwa majina kama Ritalin na Concerta, na dawa za jamii ya amfetamini, ambazo huuzwa kwa majina kama Adderall na Vyvanse. Hutumika hasa kutibu ADHD, kifupi kinachotumiwa kimataifa kwa hali ya kudumu ya upungufu wa umakini, kutotulia na kutenda kwa pupa, ambayo huanza utotoni na kwa wengi huendelea hadi utu uzima. Baadhi yake hutumika pia kutibu narkolepsi, ugonjwa unaomtia mtu katika usingizi mchana hata kama amelala vya kutosha usiku. Methilfenideti na amfetamini zimo katika Jedwali la Pili la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, uliotiwa saini Vienna, na kwa hiyo nchi zilizouridhia zinawajibika kuhakikisha kwamba hazitolewi bila cheti cha daktari na kwamba safari yake, kutoka kiwandani hadi kabati la mfamasia, ina kumbukumbu za maandishi.

Mzazi anayesikia kwamba mwanawe ameandikiwa dawa ya namna hiyo ana haki ya kushtuka, na daktari anayemjibu kwamba hakuna la kuogopa hamtendei haki. Jibu lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba usalama wa dawa hizi haumo ndani ya kidonge. Umo katika kasi ambayo dawa inaingia nayo ubongoni, katika kipimo, katika saa ya kumeza, katika vitu vingine vinavyoingia mwilini siku hiyo, na zaidi ya yote katika kuwapo kwa mtu anayepima na kuandika kinachotokea.

Historia yenyewe inashuhudia hivyo. Amfetamini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1887 na mkemia Mromania Lazăr Edeleanu alipokuwa Berlin, ikakaa miongo kadhaa bila kupatiwa kazi. Mwaka 1937 daktari Charles Bradley, aliyeongoza hospitali ya watoto wenye matatizo ya tabia na hisia katika jimbo la Rhode Island nchini Marekani, aliripoti kwamba watoto 30 waliopewa amfetamini kwa wiki moja walibadilika kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia, kwani 14 kati yao walianza ghafla kukaa chini, kufuata somo na kumaliza kazi za darasani. Kipimo kilitolewa mara moja asubuhi, na walimu na wauguzi waliwaangalia watoto hao kutwa. Methilfenideti ilifuata mwaka 1944, ilipotengenezwa na Leandro Panizzon katika kampuni ya Ciba mjini Basel, Uswisi. Katika miaka hiyohiyo majeshi ya pande zote za Vita vya Pili vya Dunia yaligawa dawa za jamii hiyo kwa askari na marubani ili wasilale, na Ujerumani ilitumia methamfetamini iliyouzwa kwa jina la Pervitin hata madukani. Baada ya vita zikaenea kwa watu waliotaka kupunguza unene au kukesha kazini. Masharti makali ya leo yalizaliwa na historia hiyo ya pili, ya dawa iliyogawiwa bila jicho la kufuatilia, wala si na watoto wa Bradley.

Kasi ya dawa kuingia ubongoni

Seli ya neva inapotoa dopamini, huwa na milango midogo ya kuirudisha ndani ili ujumbe ukome. Methilfenideti huiziba milango hiyo, na amfetamini, pamoja na kuiziba, huingia ndani ya seli na kuisukuma dopamini itoke. Kokeni nayo huziba milango ileile, na ndiyo sababu watu huuliza kwa nini mtoto anayemeza methilfenideti kila asubuhi haonekani kuwa mraibu. Uchunguzi wa picha za ubongo uliofanywa Marekani na Nora Volkow na wenzake kuanzia miaka ya 1990 ulitoa jibu lenye manufaa makubwa kwa mtumiaji wa kawaida. Waligundua kwamba kidonge kilichomezwa kwa kipimo cha tiba kinaweza kuziba zaidi ya nusu ya milango hiyo bila mtu kupata nishai, kwa sababu dawa iliyomezwa huchukua takriban saa nzima au zaidi kufika kileleni ubongoni, ilhali ikidungwa kwenye mshipa hufika chini ya dakika 10. Kinacholeta nishai, na kinachofungua njia ya uraibu, ni kupanda kwa ghafla. Kupanda polepole na kushuka polepole huimarisha umakini bila kuugusa sana mfumo wa ubongo unaodai kurudiwa kwa raha.

Kutokana na jambo hilo moja hupatikana kanuni nyingi ambazo mgonjwa huambiwa bila kuelezwa sababu. Kidonge cha kutoa dawa polepole hakisagwi, hakitafunwi wala hakigawanywi, kwa kuwa kukisaga ni kuimwaga kwa mara moja dawa iliyokusudiwa kutoka kwa saa 8 au 12. Kuivuta puani au kuiyeyusha na kuidunga huitoa kabisa katika eneo la tiba. Concerta, kwa mfano, ni kidonge chenye ganda gumu linalosukuma dawa nje kupitia tundu dogo kadiri maji ya tumboni yanavyoingia, na ganda hilo hutoka na choo likiwa tupu, jambo ambalo halipaswi kumtia mtu wasiwasi kwamba dawa haikufanya kazi. Baadhi ya kapsuli zenye chembechembe huweza kufunguliwa na kunyunyizwa juu ya kijiko cha chakula laini kisicho moto kwa mtoto asiyeweza kumeza, mradi chembe hizo zimezwe papo hapo bila kutafunwa. Si kapsuli zote zinazoruhusu hivyo, na wa kuulizwa ni mfamasia. Lisdeksamfetamini, iliyoingia soko la Marekani mwaka 2007 kwa jina la Vyvanse, ilibuniwa kwa kufuata mantiki hiyohiyo: haina nguvu mpaka chembe nyekundu za damu ziikate na kuitoa amfetamini iliyomo ndani yake, hivyo hata anayeidunga hapati kasi anayoitafuta.

Somo la watoto 579

Utafiti ambao kila mwandishi wa mada hii huutaja ni ule wa MTA uliofanywa Marekani na Kanada, ambao matokeo yake ya kwanza yalitolewa mwaka 1999. Watoto 579 wenye umri wa kati ya miaka 7 na 9, wote wakiwa na ADHD, waligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne kwa miezi 14: kundi la dawa zinazosimamiwa kwa karibu, kundi la tiba ya tabia iliyowahusisha wazazi na walimu, kundi la vyote viwili, na kundi lililoachwa litibiwe na madaktari wa kawaida wa mitaani kwao. Kinachotajwa sana ni kwamba dawa ilipunguza dalili kuu kuliko tiba ya tabia peke yake. Kinachosahaulika, ingawa ndicho chenye uzito kwa mada ya usalama, ni kwamba takriban theluthi mbili ya watoto wa kundi la nne nao walipewa dawa za aina hiyohiyo, na hali zao hazikufikia za wenzao waliosimamiwa na watafiti.

Tofauti ilikuwa katika namna ya kutibu. Watoto wa kundi la kwanza walianza kwa wiki nne za kujaribu vipimo mbalimbali, huku wazazi na walimu wakijaza fomu bila kujua ni siku gani mtoto amepewa kipimo gani, na baada ya hapo walionwa na daktari kila mwezi kwa muda wa nusu saa, daktari akiwa na taarifa kutoka kwa mwalimu. Waliotibiwa mitaani walionwa mara chache kwa mwaka, kwa muda mfupi, na kwa kawaida walipewa kipimo kidogo zaidi, mara mbili kwa siku badala ya tatu, kwa hiyo jioni iliwakuta bila dawa. Si sahihi kudhani kwamba uangalizi hafifu huleta hatari ya kuzidisha tu. Huleta pia hasara ya mtoto kubeba maudhi ya dawa mwaka mzima bila kupata faida yake kamili. Ni haki kuongeza kwamba kufikia mwaka wa tatu, baada ya usimamizi wa utafiti kukoma na kila familia kurudi kwenye utaratibu wake, tofauti kati ya makundi manne ilikuwa imefutika, na wataalamu bado wanabishana kuhusu maana yake.

Kabla ya kidonge cha kwanza, daktari hutakiwa kuuliza juu ya moyo. Huuliza kama mgonjwa amewahi kuzirai akikimbia, kupata maumivu ya kifua au mapigo yasiyo na mpangilio, na kama katika ukoo kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa bado kijana. Katika Afrika Mashariki swali hilo lina sehemu ya ziada, kwa sababu ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi ya utotoni bado ni wa kawaida, na mtu anaweza kuwa nao bila kujua. Kipimo cha umeme wa moyo, kinachojulikana kama ECG, hakihitajiki kwa kila mtu, ila kwa yule ambaye majibu yake au sauti ya moyo wake imezua shaka. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, presha ya macho, historia ya kupoteza uhusiano na uhalisia na historia ya uraibu ni mambo mengine yanayoweza kumfanya daktari achague dawa isiyo ya kuchangamsha. Kwa watoto walio chini ya miaka 6, miongozo mingi hutaka wazazi wafundishwe kwanza mbinu za malezi zilizothibitishwa, na dawa isubiri.

Kipimo huanza chini na kupanda kwa hatua. Kwa methilfenideti ya kawaida, ile inayofanya kazi kwa saa 3 hadi 4, mtoto wa umri wa shule huanzia miligramu 5 mara mbili kwa siku, huongezewa miligramu 5 hadi 10 kwa wiki, na kikomo cha kawaida ni miligramu 60 kwa siku. Takwimu hizo zinatolewa ili msomaji aelewe mwendo wa tiba, si ili ajipimie, kwani uzito wa mwili haubashiri vizuri kipimo kinachomfaa mtu. Kuna mtu mzima anayetosheka na kidogo na mtoto anayehitaji zaidi. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018, uliotolewa na taasisi ya taifa inayojulikana kwa kifupi cha NICE, hutaka presha na mapigo ya moyo yapimwe kabla na baada ya kila badiliko la kipimo na kila miezi 6 baada ya hapo, urefu wa mtoto upimwe kila miezi 6, na uzito wa mtoto wa miaka 10 au chini upimwe kila miezi 3. Mashine ya presha, mizani na ukuta uliochorwa sentimita vipo hata katika zahanati, kwa hiyo uhaba wa vifaa si kisingizio kizito.

Vipimo hivyo vina sababu. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2023, uliohusu watu 278,027 wenye ADHD, ulikuta kwamba kila mwaka wa ziada wa kutumia dawa za ADHD uliambatana na ongezeko la takriban asilimia 4 la uwezekano wa kupata magonjwa ya moyo na mishipa, hasa presha ya juu. Kuambatana si sawa na kusababisha, na kwa kijana mwenye afya asilimia 4 ya hatari ndogo ni ndogo sana. Hata hivyo, kwa mtu wa miaka 50 ambaye presha yake imeshaanza kupanda, hesabu ni nyingine.

Maudhi yanayowasumbua wengi zaidi ni kukosa hamu ya chakula na usingizi kuchelewa. Mtoto hupata kifungua kinywa cha kushiba kabla ya dawa, huachwa ale kidogo mchana bila kugombezwa, na hupewa chakula kizito jioni, njaa inaporudi. Katika watoto wa MTA waliotumia dawa mfululizo kwa miaka mitatu, ukuaji wa urefu ulipungua kwa takriban sentimita 2 ukilinganishwa na wa wale wasiotumia, na ndiyo maana chati ya ukuaji ni sehemu ya tiba. Usingizi nao huhusiana na saa: dawa ya muda mrefu humezwa asubuhi mapema, na aliyesahau hadi alasiri huiacha mpaka kesho yake, hafidii kwa kumeza mbili. Midomo mikavu, kichwa kuuma na tumbo kuuma mara nyingi hupungua baada ya wiki chache.

Maudhi ya akili yanahitaji sikio kali zaidi. Mtoto aliyekuwa mcheshi akawa kimya na kukodoa macho mahali pamoja huenda amepewa kipimo kikubwa mno, na mzazi anayesema kwamba mwanawe "siye tena" anatoa taarifa ya kitabibu ambayo daktari anapaswa kuiandika. Mara chache hutokea kusikia sauti zisizokuwapo au kushuku watu bila sababu; utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu vijana wa miaka 13 hadi 25 ulikadiria tatizo hilo kwa takriban mtu 1 kati ya 660, na lilionekana zaidi kwa watumiaji wa amfetamini kuliko wa methilfenideti. Hapo dawa husimamishwa na daktari huonwa siku hiyohiyo. Kwa wanaume methilfenideti imehusishwa, kwa nadra, na uume kusimama kwa maumivu bila kulegea. Hali hiyo ikizidi saa 4 ni dharura, na kuchelewa kwa aibu kunaweza kukiharibu kiungo hicho kabisa.

Mirungi, magadi na vidonge vya mafua

Hatari nyingi za dawa hizi haziletwi na dawa peke yake bali na kile kinachokutana nayo, na hapa msomaji wa Afrika Mashariki ana jambo ambalo vitabu vya Ulaya hulipitia kwa mstari mmoja. Majani na vijiti vya mirungi, au miraa, vina kathinoni, kemikali ambayo kwa umbo ni ndugu wa karibu wa amfetamini na hufanya kazi kwa njia inayofanana nayo. Sheria ya Tanzania huihesabu mirungi kuwa dawa ya kulevya, na Kenya huihesabu kuwa zao la biashara, lakini moyo hausomi sheria: anayetafuna mirungi jioni baada ya kumeza methilfenideti asubuhi amejiongezea kipimo cha pili ambacho hakuna aliyekipima, na presha, mapigo, kukosa usingizi na shuku vyote hupanda pamoja. Kibaya zaidi, daktari asiyejua kwamba mgonjwa wake hutafuna huona presha imepanda na kuipunguza dawa, au huona umakini haujaimarika, kwa kuwa mgonjwa hakulala, na kuiongeza. Swali kuhusu mirungi linapaswa kuulizwa bila kukemea, kwa sababu kemeo humfundisha mgonjwa kusema uongo, na uongo huo huishia kwenye cheti cha dawa.

Kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, ambavyo vijana hunywa makopo mawili matatu wakati wa mitihani, huongeza mzigo uleule kwa kiwango kidogo. Pombe ina madhara ya namna tofauti, kwa kuwa dawa huficha dalili za ulevi na mtu huendelea kunywa akidhani bado yuko sawa, na pia kwa kuwa baadhi ya kapsuli za muda mrefu hutoa dawa yote haraka zikikutana na kileo. Vidonge vya mafua vyenye pseudoefedrini, vinavyouzwa bila cheti, hubana mishipa na kupandisha presha. Kwa watumiaji wa amfetamini, hata dawa ya kiungulia ina neno: unga wa bikaboneti ambao watu huutia majini kutuliza tumbo, uwe wa dukani au magadi ya jikoni, huifanya amfetamini inyonywe zaidi na ichelewe kutoka kwenye mkojo, ilhali vitamini C kwa wingi na juisi za matunda chachu hupunguza unyonywaji wake.

Mwingiliano ulio hatari kuliko yote ni ule wa dawa zinazozuia kimeng'enya kiitwacho monoamini oksidesi, kinachovunja noradrenalini na dopamini zilizozidi. Dawa za kuchangamsha hazitolewi pamoja nazo wala kabla ya siku 14 kupita tangu ziachwe, kwani presha inaweza kupanda ghafla kiasi cha kupasua mshipa wa ubongo. Zamani zilijulikana kama dawa za sonona na wengi hudhani zimepotea. Lakini linezolidi, dawa muhimu katika tiba ya kifua kikuu sugu, ina tabia hiyohiyo. Mgonjwa wa ADHD anayeanzishiwa tiba ya kifua kikuu sugu lazima aitaje dawa yake siku ya kwanza, hata kama hakuulizwa. Baadhi ya dawa za sonona za kisasa nazo zikichanganywa na amfetamini zinaweza kuongeza serotonini kupita kiasi, jambo linaloonekana kwa kutetemeka, jasho, homa na kuchanganyikiwa.

Kugawana dawa ni kosa ambalo watu wema hulitenda kwa nia njema. Mwanafunzi humpa mwenzake kidonge usiku wa kuamkia mtihani, dada humpa mdogo wake, bila kujua kwamba maswali juu ya moyo hayajaulizwa kwa huyo wa pili. Nayo faida yenyewe ni ya shaka. Utafiti wa mwaka 2023 uliowapa watu 40 wasio na ADHD dawa za kuchangamsha kisha mafumbo magumu ya kuchagua vitu vya kupakia kwenye mfuko ulionyesha kwamba walitumia muda na jitihada zaidi lakini ubora wa majibu yao ulishuka. Walijihisi wamepania, wakahangaika zaidi bila mpango. Zaidi ya hayo, vidonge vinavyouzwa kwa siri mtandaoni kama Adderall huko Marekani vimekutwa mara nyingi havina dawa hiyo kabisa, bali methamfetamini au fentanili, dawa ya maumivu ambayo kiasi chake kidogo mno huzuia pumzi. Mwezi Mei 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza onyo lililoko kwenye vifungashio liandikwe upya ili litaje waziwazi hatari ya kumpa mtu mwingine dawa hizi.

Kwa hiyo dawa hufungiwa, na huhesabiwa. Katika shule ya bweni hukaa kwa muuguzi au matroni, si katika sanduku la mwanafunzi, na kila kidonge kilichotolewa huandikwa daftarini kwa tarehe na saa. Utaratibu huo humlinda mtoto dhidi ya wizi na dhidi ya shinikizo la wenzake, na humlinda matroni dhidi ya tuhuma. Mahali pa kuhifadhia pawe pakavu na pasipo joto, kwa hiyo si ndani ya gari lililoegeshwa juani wala juu ya friji jikoni. Joto huhusu pia mwili, kwani amfetamini hupandisha joto lake, na kijana anayecheza mpira saa nane mchana Mombasa au Tanga akiwa chini ya dawa anahitaji maji na kivuli kuliko wenzake. Mwanariadha wa mashindano ana jambo la ziada: amfetamini na methilfenideti zimepigwa marufuku wakati wa mashindano na shirika la kimataifa la kupambana na dawa michezoni, na anayezihitaji kwa tiba huomba kibali mapema.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali ambalo miongozo mingi hailigusi. Dawa ya muda mrefu inayomezwa wakati wa daku huweza kufanya kazi hadi mchana na kuacha hamu ya chakula irudi kabla ya futari, hivyo kwa mtu mzima mwenye afya mpango huo mara nyingi huwezekana. Dawa ya muda mfupi haiwezi kugawanywa mchana, na kuihamishia usiku ni kuuharibu usingizi. Ukavu wa kinywa na upungufu wa maji huzidi. Mabadiliko hayo hupangwa na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, na mgonjwa ambaye mpango haukumfaa ana ruhusa ya kutofunga inayotambuliwa na sheria ya Kiislamu.

Anayesafiri hubeba dawa katika kifungashio chake chenye jina, pamoja na barua ya daktari, na huuliza ubalozi kabla ya kukata tikiti. Japani hairuhusu msafiri kuingia na Adderall hata akiwa na cheti. Umoja wa Falme za Kiarabu hutaka kibali kiombwe mapema, na katika nchi za Ghuba kwa jumla, ambako vyombo vya usalama vimepambana kwa miaka mingi na magendo ya vidonge vya Captagon vyenye amfetamini, mtu wa Zanzibar au Lamu anayekwenda kuwatembelea jamaa zake Maskati hapaswi kutegemea maelezo ya mdomo uwanjani.

Dalili za kuzidisha dawa ni moyo kwenda mbio, maumivu ya kifua, joto kali la mwili, mtetemeko, fadhaa, kuona visivyokuwapo na degedege. Hakuna dawa ya nyumbani inayozitibu. Mgonjwa hupelekwa hospitali mara moja akiwa na kifungashio alichotumia; anayempeleka hasiti kwa kuogopa polisi, wala hamlazimishi kutapika.

Kupata dawa mfululizo ni tatizo la usalama pia. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikataa maombi ya kuiingiza methilfenideti katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena mwaka 2021, kwa kuona kwamba ushahidi wa faida na madhara haukutosha; nchi nyingi hupanga manunuzi ya hospitali zake kwa kuifuata orodha hiyo. Hata Marekani ilitangaza uhaba wa Adderall mwezi Oktoba 2022. Aliyeishiwa asitafute mbadala kwa jirani wala kuziba pengo kwa mirungi. Kwa kipimo cha tiba, siku chache bila dawa hurudisha dalili za ADHD tu. Aliyetumia kipimo kikubwa kwa muda mrefu akakatiza ghafla huweza kupata uchovu mzito, usingizi mwingi na huzuni ambayo nyakati nyingine hufikia mawazo ya kujidhuru, hivyo kushuka kwake husimamiwa.

Angalau mara moja kwa mwaka daktari hutakiwa kuuliza kama dawa bado inahitajika, na njia ya uaminifu ya kujibu ni kuisimamisha kwa majaribio. Kipindi huchaguliwa kisichokuwa na mitihani, msiba wala kuhama shule, lakini shule ikiwa imefunguliwa, kwa sababu mtoto aliyeko likizoni hadaiwi umakini na majaribio hayaonyeshi kitu. Mwalimu hujaza fomu ileile aliyoijaza wakati wa kuanza tiba, ikiwezekana bila kuambiwa wiki gani dawa imeachwa. Tofauti ikionekana, dawa hurudishwa, kwa kipimo ambacho huenda kikawa kidogo kuliko cha mwaka uliopita. Isipoonekana, vidonge vilivyobaki hurudishwa kwa mfamasia, na fomu hiyo hujazwa tena baada ya muhula mmoja.